Bahasha ya Jumapili na Dhamiri ya Kiongozi

Ndugu waumini, wazee wetu, kina mama, na vijana wapigania mageuzi wa Kitale na Bungoma,

Tarehe 14 Agosti ni tarehe ambayo sisi watu wa pande hizi hatuna ruhusa ya kuisahau. Siku hiyo mwaka wa 1990, Askofu Alexander Muge wa dayosisi ya Kianglikana ya Eldoret alifariki katika ajali ya barabara akirejea kutoka Busia, siku chache tu baada ya waziri mmoja kumwonya hadharani kwamba akikanyaga huko hatatoka akiwa hai. Siku iyo hiyo mwaka wa 1992, Masinde Muliro alifariki katika uwanja wa ndege wa Nairobi alipowasili kutoka London. Mmoja alivaa joho la uaskofu, mwingine koti la siasa. Hata hivyo wote wawili walituachia somo moja: imani ya kiongozi hupimwa kwa kile anachokubali kukipoteza.

Tunalirudia somo hili kwa kuwa tunaona limepinduliwa juu chini. Siku hizi imani ya kiongozi hupimwa kwa unene wa bahasha. Magari makubwa huingia uani ibada ikiwa katikati. Mama aliyetembea tangu alfajiri huinuliwa kutoka benchi la mbele ili mheshimiwa apate pa kuketi. Kiasi cha fedha hutajwa kwa sauti, makofi hupigwa, kisha mheshimiwa hukabidhiwa kipaza sauti awatukane wapinzani wake mbele ya madhabahu. Huondoka kabla ya baraka ya mwisho. Tunauliza: katika ibada ya namna hiyo, ni nani aliyeabudiwa?

Hebu tumtazame Muliro. Mwezi wa Machi 1975 Josiah Mwangi Kariuki aliuawa, na Bunge likaunda kamati ya kuchunguza kifo chake. Taarifa ya kamati ilipofika Bungeni, Serikali haikutaka ipite. Muliro alikuwa waziri, na alijua vyema kwamba waziri apigaye kura kinyume cha Serikali hana kazi tena. Alipiga kura kwa dhamiri yake, naye akafutwa uwaziri. Miaka 16 baadaye, mwaka wa 1991, alisimama pamoja na Jaramogi Oginga Odinga, Martin Shikuku, George Nthenge, Philip Gachoka na Ahmed Bamahriz kuanzisha FORD, wakati ambapo kutamka tu maneno "vyama vingi" kulitosha kumpeleka mtu korokoroni. Huo ujasiri wa mwaka wa 1991 haukuzuka kwa ghafla. Ulikuwa umefanyiwa mazoezi tangu zamani.

Lakini historia yetu ina upande wa pili, na tusipousema tutakuwa wanafiki. Mwenyekiti wa kamati ile ya mwaka wa 1975 alikuwa mwana wa Bungoma, Elijah Mwangale. Kazi aliyoifanya ilihitaji moyo mkuu, na tunamheshimu kwa hiyo. Miaka ilipopita, Mwangale yuyo huyo aliketi serikalini kama waziri, akawa mtetezi wa utawala wa chama kimoja, mpaka wapiga kura wa Kimilili walipomwangusha Desemba 1992 na kumchagua Mukhisa Kituyi wa FORD-Kenya. Hatusemi haya ili kumvunjia marehemu heshima. Tunasema ili kijana anayejiandaa kuwa kiongozi aelewe kwamba ujasiri wa siku moja bado si tabia. Moyo ni shamba. Ukilipalilia msimu mmoja ukaliacha, magugu hayangoji mwaliko.

Na magugu ya mioyo ya viongozi yaligharimu damu. Mapigano ya mwaka wa 1991 na 1992 yalipoingia Trans Nzoia na Bungoma, majirani waliokuwa wakiazimana majembe walichomeana nyumba, na makanisa yakajaa wakimbizi wasio na blanketi wala uji. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilipochunguza, ilikuta mikono ya wanasiasa. Je, hao hawakuwa na makanisa? Hawakujua kupiga magoti? Walijua sana! Walichokosa ni kiongozi wa kiroho wa kuwatazama usoni na kuwaambia, kama nabii Nathani alivyomwambia Mfalme Daudi, kwamba mkosaji anayetafutwa ni wao wenyewe.

Wala tusiwanyooshee wengine kidole tukajisahau. Muliro, ambaye wengi walimtegemea kuwa mpatanishi, hakuwa amekaa kaburini miezi mitatu kabla FORD haijapasuka mapande mawili. Kila upande ulikuwa na maombi yake na kila upande ulidai kwamba Mungu yuko nao. Matokeo tunayajua: mwaka huo Rais Moi alirudi Ikulu kwa kura zisizofika nne katika kila kumi. Hatukushindwa na KANU peke yake. Tulishindwa na kiburi chetu. Tuliondoa kifungu cha 2A katika Katiba, lakini tulikiacha kingali kimeandikwa ndani ya vifua vyetu: mimi peke yangu, na chama changu peke yake.

Wako watakaotujibu kwamba siasa ni mchezo mchafu na mtu wa Mungu asiuguse. Sisi tunasema mchezo huwa mchafu pale walio safi wanapokaa kando wakitazama. Wako pia watakaosema kwamba sala yatosha na sheria si muhimu. Hao nao wanakosea. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Sura ya Sita, inasema waziwazi kwamba mamlaka ya ofisi ya umma ni dhamana ya wananchi, na kwamba aliyepewa amepewa atumikie, hakupewa atawale kwa majivuno. Sheria tunayo. Lakini sheria ni ua. Moyo wa mwizi ukibaki ulivyokuwa, usiku ataruka ua.

Basi kiongozi mwema huanzia wapi? Huanzia mahali padogo. Yule apimaye mahindi kwa gorogoro iliyobonyezwa leo, kesho atapima ardhi ya umma kwa kamba iliyokatwa. Kijana wa kikundi cha maombi aliyetunza hazina ya shilingi mia tano na kuisomea wenzake hesabu kila mwezi, huyo yuko shuleni. Mzee Samweli alipong'atuka aliwaita watu wote na kuwataka waseme mbele yake kama kuna ambaye alimnyang'anya ng'ombe au punda, au aliyemdhulumu, au kama alipokea hongo. Nao wakashuhudia kwamba hakufanya hivyo. Ni nani kati ya waheshimiwa wetu atakayesimama katika uwanja wa Kitale au soko la Chwele na kuuliza swali hilo bila kutetemeka?

Kanisa nalo lina hesabu ya kutoa. Septemba 2021, Butere, siku ya kumweka wakfu Askofu Rose Okeno, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa tena mimbari za Kianglikana. Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliamuru fedha alizotoa Rais William Ruto katika kanisa moja la Soweto zirudishwe. Milango imeonyeshwa. Kilichobaki ni sisi wa huku kuamua kama tutapita au tutasimama nje tukingoja bahasha ya Jumapili ijayo.

Kwa hiyo tunawaomba wachungaji, mapadre na wazee wa kanisa mambo matatu. Sadaka ya mwanasiasa iingie kapuni kimya kama ya mjane, bila kutajwa. Kipaza sauti cha ibada kibaki cha ibada. Na kila anayetaka kura yetu aje tumhoji siku ya kazi, nje ya madhabahu, juu ya mali yake ilikotoka na ahadi zake za jana. Uchaguzi mkuu huja kila mwaka wa tano, lakini kiongozi hulelewa kila siku ya miaka hiyo mitano.

Nanyi mnaotamani uongozi, jiulizeni usiku, taa ikiwa imezimwa: niko tayari kupoteza nini? Kama jibu ni "hakuna," tafadhali tuachieni kiti chetu.