Barua Isiyofika Gatwekera



Mwezi uliopita tulifunga safari kwenda Nairobi kumzuru binti wa ndugu yetu, aliyejifungua mtoto wake wa pili akiwa kwake Gatwekera, katika Kibera. Mwenye kukijua kitongoji kile anajua kwamba nyumba haitafutwi kwa nambari. Tuliambiwa tushuke Olympic, tuteremke na njia ya miguu, tumwache kinyozi mkono wa kushoto, tuvuke mfereji, kisha tuulize nyumba ya mwenye pikapu. Pikapu yenyewe haifiki mlangoni, kwa kuwa vichochoro ni vyembamba. Hulazwa juu barabarani na kulindwa kwa ujira. Lakini ndiyo anwani ya nyumba ile, na ndiyo riziki yake pia, maana mumewe hubebea matangi ya maji, mitungi ya gesi na vyombo vya watu wanaohama.

Siku ya tatu alitupeleka kliniki. Mzazi aliketi mbele, mtoto mapajani, nasi tukakaa kiti cha nyuma. Kwenye dashibodi iliwaka taa nyekundu yenye umbo la mtu aliyeketi na duara mbele ya kifua chake. Tukauliza ina maana gani. Mkwe wetu akajibu kwa adabu, "Haina neno, mama. Fundi alisema ni waya tu."

Huenda fundi alisema kweli. Hata hivyo tulimwomba mzazi ahamie nyuma, tukabanana, kiti cha mbele kikabaki kitupu. Mtoto mchanga hapakatwi kiti cha mbele hata kama gari ni jipya kabisa, kwani mfuko wa hewa unapofumuka humgonga yeye kwanza. Lakini hofu yetu ilikuwa na sababu nyingine, nayo ndiyo tunayotaka kuisimulia leo.

Mfuko wa hewa hujazwa na kichupa kidogo cha chuma chenye kemikali inayolipuka. Gari linapogongana, kemikali hiyo huwaka kwa kipimo, gesi hutoka, na mfuko hujaa kabla kichwa cha abiria hakijafika kwenye dashibodi. Kampuni ya Takata ya Japani iliyokuwa ikiviuzia viwanda vingi vya magari vichupa hivyo ilitumia amonia naitreti, kemikali ambayo joto na unyevu huiharibu pole pole mwaka baada ya mwaka. Ikishaharibika, haiwaki tena kwa kipimo. Hulipuka kwa nguvu kupita kiasi, chuma hupasuka, na vipande vyake humrukia yule yule ambaye mfuko uliwekwa kumlinda. Watu zaidi ya 30 wamekufa hivyo duniani. Mmoja wao alikuwa mama mjamzito nchini Malaysia, mwezi wa Julai 2014, katika ajali ambayo pengine angetoka nayo na michubuko. Mtoto aliyekuwa tumboni mwake naye hakuishi.

Kasoro hiyo ilianza kuonekana hadharani mwaka 2008, Honda ilipoita magari kama 4,000 yarudishwe kutengenezwa. Yaliyofuata yakawa makumi ya mamilioni, na hakujawahi kuwa na urejeshaji wa magari mkubwa kuliko huo. Mwaka 2017 Takata ilikiri kosa la ulaghai mbele ya mahakama ya Marekani, kwa kuwa ilikuwa imewapa wenye viwanda vya magari matokeo ya majaribio yasiyo ya kweli, ikakubali kulipa dola bilioni 1. Mwezi wa Juni mwaka huo huo ikafilisika.

Katika habari hiyo ndefu, kisa kimoja cha pikapu hakijatutoka akilini. Mwezi wa Desemba 2015, katika jimbo la South Carolina, dereva wa pikapu ya Ford Ranger ya mwaka 2006 aliuawa na kichupa kilichopasuka. Mwezi wa Julai 2017, katika jimbo la West Virginia, akafa dereva mwingine, naye katika Ranger ya mwaka ule ule. Walipochunguza, walikuta kwamba vichupa vyote viwili vilitengenezwa siku moja. Mwezi wa Januari 2018 Ford ikawaambia wenye pikapu kama 2,900 waache kuziendesha mara moja.

Kila apikaye mahamri anaelewa maana ya jambo hilo. Donge likichacha, huli mahamri moja la donge hilo ukasema lililobaki ni zima. Unayatenga yote, hata yale yaliyoumuka vizuri na kupendeza kwa macho. Ndiyo kazi ya ukaguzi wa ubora kiwandani: kila kifaa kipigwe chapa ya siku na fungu lake, ili mmoja wao akileta msiba, ndugu zake wajulikane walipo.

Lakini kuwajua walipo ni jambo moja, na kumfikia anayevitumia ni jambo jingine. Kiwanda kinapogundua kasoro, humwandikia barua mwenye gari aliyesajiliwa. Kule Japani barua hiyo hufika, kwa kuwa nyumba ina anwani na gari lina jina la mtu. Kisha gari hilo linauzwa mnadani, linapakiwa melini, linashushwa Kilindini, linanunuliwa na mtu wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka linalala kando ya barabara juu ya Gatwekera. Barua imebaki kwenye sanduku la mtu wa Osaka aliyekwisha kulisahau gari lake.

Kenya haikuruhusu gari kuukuu liingie tu. Kanuni ya Shirika la Viwango, KS 1515, inataka gari lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na likaguliwe kabla halijapakiwa. Lakini mkaguzi hutazama breki, taa, magurudumu na kutu. Kemikali iliyochakaa ndani ya chuma kilichofungwa haionekani kwa macho. Wala ile taa nyekundu haiioni. Taa huangalia nyaya na umeme; kichupa kinaweza kuwa kimeoza kabisa na dashibodi ikawa shwari. Hapo ndipo sisi wenyewe tulipojikosoa, kwani tulikuwa tumeogopa taa, kumbe gari lisilowasha taa linahitaji kuulizwa vile vile.

Na sisi wa pwani tuna sababu ya kuuliza zaidi ya watu wa bara. Marekani ilipopanga magari yapi yatengenezwe kwanza, ilitanguliza majimbo yenye joto na unyevu, kama Florida. Nairobi iko juu, usiku wake ni wa baridi. Mombasa, Malindi na Lamu hatuna usiku wa namna hiyo. Gari linaloanikwa juani mchana kutwa na kulala kwenye umande wa bahari linaiharibu kemikali ile upesi.

Basi tulifanya nini? Jioni ile mkwe wetu alifungua boneti, akatusomea nambari ya chesisi kutoka kwenye kibati. Magari yaliyouzwa Japani kwanza hayana nambari ndefu ya tarakimu na herufi 17. Yana herufi chache, kistari, kisha tarakimu. Nambari hiyo hiyo imeandikwa kwenye hati ya umiliki, ile tuliyozoea kuiita logibuku. Kijana wa jirani, mwanafunzi wa sekondari, akaiingiza kwenye ukurasa wa mtandao wa kiwanda kule Japani na kuufasiri kwa simu yake. Hakutumia hata robo saa. Jibu likaja: gari hili liliitwa miaka mingi iliyopita kubadilishwa mfuko wa hewa upande wa abiria, na hakuna kumbukumbu kwamba lilipelekwa.

Binti wa ndugu yetu hakusema neno. Alimtazama mtoto wake.

Kesho yake mkwe wetu alikwenda kwa mawakala. Hatutawataja, kwani nao wana hoja yao: gari hilo hawakulileta wao. Walimzungusha madirisha matatu. Hatimaye mwanamke mmoja wa idara ya vipuri aliichukua nambari, akaandika, akasema kifaa kitaagizwa. Tunamwombea kheri. Mkwe wetu alikuwa amechukua karatasi tuliyomwandikia yenye kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachompa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa habari zinazohusu bidhaa hizo, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Hakuitumia, lakini alisema ilimpa kifua.

Kuhusu aliyemuuzia, tulizungumza sana usiku ule. Fiqhi yetu haina utata hapa: muuzaji aijuaye kasoro ya kitu anapaswa kuibainisha, na mnunuzi aliyefichwa ana hiari ya kukirudisha. Je, asiyejua? Mkwe wetu alisema muuzaji naye ni kijana kama yeye, alinunua na kuuza, hakuna aliyemwambia. Sisi tunaona kwamba mtu ambaye biashara yake ni kuuza magari, na anaweza kujua kwa robo saa ya simu, hawezi tena kujificha nyuma ya kutojua. Tulitofautiana, na bado tunatofautiana.

Jambo moja hatukutofautiana. Fundi wa gereji ya karibu alijitolea kuizima ile taa nyekundu kwa shilingi mia tano. Wapo wanaoifanya kazi hiyo kila siku, gari likauzwa dashibodi ikiwa safi. Akina mama mnaonunuliwa gari na waume zenu, au mnaolinunua kwa fedha zenu wenyewe, washeni swichi kabla ya kulipa. Taa ya mfuko wa hewa inapaswa kuwaka kidogo kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa, ulizeni ni nani aliyeing'oa.

Wasomaji wanne tuliowaeleza habari hii wametuletea nambari zao. Tatu ni salama. Ya nne tunaendelea kuifuatilia. Wengine mkitaka, leteni nambari ya chesisi peke yake, bila ya jina.

Tulipopiga simu Gatwekera juzi, kifaa kilikuwa hakijafika. Pikapu inafanya kazi kama kawaida, na mtoto anaendelea vizuri, alhamdulillah. Kiti cha mbele upande wa abiria mkwe wetu amekifunga mtungi mtupu wa maji kwa mkanda, ili asije mtu akaomba kukaa.