Kura ya aliye dago

Na Mwanaisha Said

Mwaka 2022 jimbo la Magarini lilipata mbunge kwa tofauti ya kura 21. Harrison Kombe wa ODM alitangazwa mshindi kwa kura 11,946, Stanley Kenga wa UDA akawa na 11,925. Mashua moja ya ringi hubeba mabaharia ishirini, thelathini, wakati mwingine zaidi. Chombo kimoja tu kikichelewa kurudi Ngomeni, mbunge anaweza kuwa mwingine.

Matokeo yale yalipelekwa mahakamani na mwishowe yakatenguliwa. Uchaguzi mdogo ukafanyika Novemba 27, 2025, Kombe akashinda tena, safari hii kwa mwanya mpana. Wachambuzi waliueleza kwa majina ya wakubwa: ODM bila Raila Odinga, aliyefariki Oktoba mwaka huo, na Kenga akiwa sasa upande wa Rigathi Gachagua. Mimi kilichonishughulisha ni tarehe.

Mwisho wa Novemba kaskazi inaanza. Maleleji yamepita, na mvuvi aliyekaa kusi nzima akiokoteza ndani ya mwamba hukusanya vyombo vyake akaenda dago, kambi ya uvuvi ya mbali. Watu wa Vanga na Gazi utawakuta Malindi na Ngomeni, wengine hufika hadi visiwa vya Lamu. Hukaa kambini wiki, hata miezi, mbali na kituo walikoandikishwa kupiga kura. Na sheria ya Kenya inamtaka mtu apige kura pale pale jina lake lilipo.

Sasa tazama chaguzi ndogo tatu za ubunge hapa pwani. Malindi, baada ya Dan Kazungu kuteuliwa waziri: Machi 7, 2016. Msambweni, baada ya kifo cha Suleiman Dori: Desemba 15, 2020. Magarini: Novemba 27, 2025. Zote tatu ndani ya kaskazi. Uchaguzi mkuu angalau huwa Agosti, kusi ikiwa bado inavuma na vyombo vidogo vingi viko pwani.

Tazama na mwezi. Wavuvi wa karabai, wanaovua usiku kwa taa, hufuata giza, na mbalamwezi ikipevuka hupumzika, wakatengeneza nyavu, wakaenda kuwaona watoto. Msambweni ilipiga kura siku moja tu baada ya mwezi mwandamo, Malindi siku mbili kabla yake. Hizo ndizo siku ambazo mvuvi wa usiku hawezi kuzipoteza. Magarini ingesogezwa wiki moja tu, hadi Alhamisi ya Desemba 4, ingekutana na mwezi mpevu.

Kule Msambweni, Feisal Bader, mgombea huru, alipata kura 15,251 na Omar Boga wa ODM 10,444. Walioandikishwa walikuwa zaidi ya 69,000. Mbunge wa jimbo zima alichaguliwa na chini ya mtu mmoja kati ya wanne. Sisemi kwamba wote waliokosekana walikuwa baharini. Wako waliochoka na ahadi, wako waliofuata kazi Mombasa. Lakini aliyekataa kupiga kura ametoa uamuzi wake, na aliye dago hakupewa nafasi ya kuamua. Wawili hao hawafai kuhesabiwa pamoja.

Naambiwa mvuvi akitaka, atarudi. Arudi kwa nini? Baharia hana mshahara. Samaki wakiuzwa hutolewa kwanza gharama ya mafuta na barafu, tajiri akachukua mgao wa chombo na wa nyavu, kisha kinachobaki hugawanywa kwa waliopanda. Asiyepanda hapati. Kurudi kwao ni kupoteza mgao wa siku mbili au tatu, na nauli juu yake. Hapo ndipo mgombea hutuma matatu ikawachukue watu. Nauli hiyo ina mwenyewe, na kijana anayeshuka mbele ya kituo anajua ni nani.

Haya yananiuma kwa sababu maisha ya mvuvi yanaamuliwa bungeni kuliko ya wengi wetu. Nyavu zipi ziruhusiwe, meli za kigeni zivue wapi, njia za kwenda baharini katika mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni zibaki wazi au zifungwe: yote hayo ni ya sheria na ya mbunge anayejua kuuliza maswali.

Katiba, kifungu cha 83, inasema mipango ya uchaguzi imrahisishie raia kupiga kura na isimnyime haki hiyo. Kanuni za uchaguzi za 2012 zinaipa tume ya uchaguzi, IEBC, nafasi ya kuweka utaratibu maalumu kwa jamii zinazohamahama. Mfugaji anayefuata malisho ameonekana. Mvuvi anayefuata samaki naye anahama, kila mwaka, kwa msimu unaojulikana.

Kiti kikibaki wazi, Katiba inatoa siku 90. Ndani ya siku hizo mwezi hupevuka mara tatu. IEBC iwaulize wenye bahari kabla ya kutangaza tarehe, na uandikishaji ufanyike dikoni, alfajiri vyombo vinapoingia, badala ya mvuvi kutakiwa afike ofisini saa nne ya asubuhi, wakati ambapo ndiyo kwanza anauza samaki.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027, na kesi za kupinga matokeo zitafuata kama kawaida, na huenda chaguzi ndogo baada yake. Vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU) vya Ngomeni, Mambrui, Gazi na Vanga vina muda wa kuandika barua moja ya pamoja, kuambatisha kalenda ya dago ya kila diko, na kuipeleka mikononi mwa maofisa wa IEBC wa Kilifi na Kwale mwaka huu, kaskazi ijayo haijaingia.