Wakonzo Waliopanda na Sella

Maoni ya Juma, na Idrisa Kiwalabye

Mwanamfalme Luigi Amedeo wa Italia, aliyeteremka Mombasa mwaka 1906, akapanda gari la moshi hadi ziwani, akavuka kwa meli hadi Entebbe na kutoka hapo akaongoza msafara mrefu wa wapagazi kwa miguu hadi Fort Portal, alikuwa amefuatana na Vittorio Sella, mpiga picha ambaye, kwa insafu, hatuna budi kukiri kwamba zama zake wachache mno walimfikia katika picha za milima. Tarehe 18 Juni mwanamfalme alifika kileleni mwa Rwenzori, mita 5,109, akakiita kilele hicho Margherita kwa taadhima ya malkia mjane wa Italia; cha jirani kikaitwa Alexandra, malkia wa Uingereza. Cagni, msaidizi wake, ana kilele chake, Sella naye ana chake, na waongozaji waliotoka Alps, akina Petigax na Ollier, wametajwa kwa majina katika kitabu cha safari alichokitunga Filippo De Filippi.

Ama Wakonzo, wenyeji wa miteremko ya Rwenzori, ambao wapagazi wa tambarare walipolemewa na baridi ndio waliopandisha mizigo hadi kambi ya Bujongolo, chini ya jabali, karibu mita 3,800 juu, mzigo mgongoni na kamba imepita kwenye paji la uso, hao katika picha aghalabu ni wapagazi tu, au ni kabila. Wala si kwamba kamera haikujua kuuliza: Stanley alipompiga picha Kabaka Mutesa na wakuu wake mwaka 1875, aliwataja. Jina lilifuata cheo.

Siidharau kazi ya Sella. Kwa picha na ramani za msafara ule wanachuoni wamekadiria kwamba barafu ya Rwenzori, iliyokuwa kiasi cha kilomita 6.5 za mraba mwaka 1906, ilibaki chini ya 1 kufikia 2003. Na barafu hiyo ndiyo nzururu ya Wakonzo, maskani ya Kitasamba, mungu wao wa mlimani. Laiti sura za watu nazo zingechunguzwa kwa bidii iyo hiyo!

Picha zimehifadhiwa Biella, Italia, na wakfu wa ukoo wa Sella. Makumbusho yetu ya Uganda, yaliyoko Kitante, yana dhima ya kuomba nakala, kisha kuzipeleka Ibanda na Nyakalengija, ambako vijana wa Kikonzo hadi leo huwabebea mizigo wapanda mlima, na pia Bundibugyo, wazee wakae nazo, wazigeuze, wabishane, na kila watakachokitambua kiandikwe. Njia imekwisha kufunguliwa hapa nchini: tangu 2011 Andrea Stultiens na Rumanzi Canon, katika mradi wa History in Progress Uganda, wamekuwa wakikusanya picha za kale na kuzirejesha machoni pa Waganda.

Waliowahi kuwaona kwa macho watu wazima wa 1906 sasa ni wazee. Barua ya kwenda Biella iandikwe mwaka huu.