Picha ya viza ndani ya nyumba: masharti hayakumvua mtu hijabu

Tangu balozi nyingi zihamishie maombi ya viza kwenye mtandao, picha ya mwombaji nayo imehama kutoka studio ya mtaani na kuingia majumbani. Kwa familia ya Kiislamu jambo hili si dogo. Mwanamke ambaye zamani alilazimika kurekebisha mtandio wake mbele ya mpiga picha asiye maharimu wake, leo anaweza kupigwa picha na mumewe, kaka yake au binti yake kwa simu ya mkononi, na picha hiyo ikawa na hadhi ileile ya picha ya studio maadamu imetimiza masharti.

Penye masharti ndipo palipo na utata, na sehemu kubwa ya utata huo haikuletwa na balozi. Imeenea mno kauli ya kwamba ubalozi hautaki hijabu, kwamba ni lazima ushungi uvuliwe na masikio yaonekane. Wako dada zetu waliotii kauli hiyo kwa unyonge, wakidhani hiyo ndiyo dharura iliyohalalisha kilichokatazwa. Dharura gani hiyo, ilhali hakuna aliyewalazimisha? Tuitazame Marekani, ambayo masharti yake yanahesabiwa kuwa magumu. Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo inakataza kofia na vifuniko vya kichwa vinavyoficha nywele, kisha inavitoa katika katazo hilo vile vinavyovaliwa kila siku kwa sababu ya dini. Kinachotakiwa ni uso wote uonekane na kitambaa kisitupe kivuli usoni. Uingereza nayo inakubali kifuniko cha kichwa kwa sababu za kidini. Niqabu ndiyo isiyokubalika pichani, kwa kuwa inafunika uso unaotafutwa.

Neno "kila siku" lina uzito wake, na hapo wanaume nao waangalie. Anayevaa kofia siku ya Ijumaa tu, siku nyingine akaenda kichwa wazi, hana hoja ya kuivaa pichani. Miwani ndiyo haina mjadala: Marekani iliiondoa katika picha za viza tangu tarehe 1 Novemba 2016, isipokuwa kwa sababu ya kitabibu iliyothibitishwa na daktari.

Kwa nini ugumu wote huu? Ni kwa sababu picha hiyo haitazamwi na afisa peke yake, bali hupimwa pia na mashine inayolinganisha nyuso. Na mashine hizi, tuseme kweli, hazikututendea haki sote sawa. Desemba 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa ripoti ya programu 189 za kutambua nyuso, ikaonekana kwamba nyingi kati yake huwachanganya watu wa asili ya Afrika na Asia, kwa kuwadhania wawili kuwa mmoja, mara nyingi zaidi kuliko wazungu. Oktoba 2020 BBC nayo iliichunguza huduma ya Uingereza inayokagua picha za pasipoti mtandaoni. Wanawake weusi waliambiwa picha zao ni hafifu kwa asilimia 22, wanaume weupe kwa asilimia 9. Kwa hiyo mama aliyekataliwa picha asikimbilie kuulaumu mtandio wake.

Sehemu ya kasoro hiyo inaweza kupunguzwa nyumbani. Kamera ya simu ikiona ukuta mweupe hupunguza mwanga, na uso mweusi ukazidi kuwa giza. Basi mwombaji aelekee dirishani mchana, jua lisimpige moja kwa moja, na kabla ya kupiga, mpigaji aguse uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera iupime uso badala ya ukuta. Asimame mbele kidogo ya ukuta, si kuuegemea, ili kivuli chake kisibaki nyuma ya kichwa. Mpigaji akae umbali wa mita moja na nusu hivi, simu ikiwa usawa wa macho. Selfi haifai, kwani lenzi ikiwa karibu hukuza pua na kubadilisha umbo la uso.

Mtandio uwe wa rangi iliyokoza, kwa sababu mweupe mbele ya ukuta mweupe humezwa na ukuta, na kanzu nyeupe ni hivyohivyo. Ufungwe bila mabunda utosini, kwa maana kichwa kina kipimo chake: kuanzia kidevuni hadi utosini kichukue kati ya asilimia 50 na 69 ya kimo cha picha. Picha yenyewe ni ya mraba, isipungue pikseli 600 kwa 600 wala kuzidi 1200 kwa 1200, ihifadhiwe kwa mfumo wa JPEG na uzito usiozidi kilobaiti 240, na iwe imepigwa ndani ya miezi sita. Mtoto mchanga hulazwa juu ya shuka jeupe, akapigwa kutoka juu macho yakiwa wazi, wala mkono wa mama usionekane.

Kukata pembeni kunaruhusiwa. Kurembesha hakuruhusiwi: kung'arisha ngozi, kufuta kovu au kubadili uso kwa programu kunaiharibu picha. Simu nyingi hulainisha uso zenyewe bila kuambiwa, hivyo mpangilio huo uzimwe kwanza.

Limebaki la usalama. Familia nyingi hupiga picha nyumbani, kisha huipeleka kwa kijana wa duka la intaneti aipunguze na kuijazia fomu. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora, kwa hiyo itumwe kama faili. Lakini faili hiyo hubaki katika kompyuta ya dukani pamoja na namba ya pasipoti, jina la baba na tarehe ya kuzaliwa, na kesho wateja wengine hukaa mbele ya kompyuta ileile. Aliyepeleka picha za mkewe na binti zake asiondoke kabla hajaona kwa macho yake zikifutwa, na lile pipa la taka la kompyuta likimwagwa pia.