Kanisa Dogo, Funzo Kubwa

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Methali hii hunijia kila nisikiapo wenzangu wakisema ati kanisa la Mai Mahiu si kitu, ni kibanda tu cha kando ya barabara.

Mpenzi msomaji, malori unayoyaona hapa Eldoret yakielekea Malaba, mengi yamepita mbele ya kanisa hilo. Liko chini ya mteremko wa Bonde la Ufa, ukitoka Nairobi kwenda Naivasha kwa barabara ya chini. Lilijengwa mwaka wa 1942 na mateka wa vita wa Kiitaliano. Waingereza waliwashinda Waitaliano huko Ethiopia mwaka wa 1941, wakawaleta maelfu ya mateka Kenya. Baadhi yao walipewa kazi ya kujenga barabara hiyo, nao wakajijengea mahali pa kusalia.

Ni dogo kweli. Watu 12 hivi wakiketi ndani, limejaa! Lakini mnara upo, msalaba upo, madhabahu ipo. Mafundi hawakusema, "Hili ni dogo, tulipue tu."

Kuna wanaouliza, "Hao si walikuwa wavamizi? Ya nini kuwakumbuka?" Ni kweli, Italia iliivamia Ethiopia mwaka wa 1935, na hilo tusilifiche. Hata hivyo, tukifuta habari zao tutafuta pia habari za barabara yetu.

Sasa tugeukie kwetu. Langas ina makanisa mengi ya mabati. Hebu uliza: hili lilijengwa lini? Nani alitoa mbao? Nani alipigilia misumari? Wengi watakujibu, "Mimi nililikuta hapo." Wazee wanaojua bado wapo, tena tunaketi nao ibadani. Siku wakituacha, wataondoka na habari hizo.

Kwa maoni yangu, Chama cha Kiswahili kisingoje serikali wala makumbusho. Likizo ijayo kila mwanachama achukue daftari, amwendee mzee mmoja, aandike historia ya kanisa au msikiti wa mtaani kwake. Walimu wetu watusahihishie, kisha tuzichapishe katika toleo lijalo.

Mateka wale walijenga wakiwa chini ya ulinzi. Sisi tu huru, na kalamu tunazo. Tuna kisingizio gani?