Jibu la maabara si kamili bila swali lake

Jibu la "hapana" halina maana mpaka tulijue swali lililoulizwa. Kanuni hii ya somo la lugha naipeleka leo katika maabara zinazochunguza saratani ya mapafu, kwa kuwa huko jibu lililosomwa vibaya huweza kumnyima mgonjwa dawa iliyomfaa.

Mnamo mwaka wa 2007, watafiti wa Japani wakiongozwa na Hiroyuki Mano walitangaza kwamba katika baadhi ya saratani hizo jeni mbili, EML4 na ALK, huwa zimekatika na kuungana. Ni kama sentensi mbili zilizokatwa katikati, kisha mwanzo wa moja ukaunganishwa na mwisho wa nyingine. Huzaliwa amri mpya inayoisukuma seli igawanyike bila kukoma. Hali hii huwapata wagonjwa 3 hadi 5 hivi katika kila 100 wenye aina ya saratani ya mapafu iliyoenea zaidi, na wengi wao hawajapata kuvuta sigara. Mwaka wa 2011 Marekani iliidhinisha krizotinibu, dawa ya kumeza inayoizima amri hiyo. Lakini ni nani apewe dawa hiyo? Hapo ndipo kipimo kinapoamua.

Njia ni nne. Ya kwanza hutia rangi mbili zing'aazo kwenye pande mbili za jeni ya ALK. Mtaalamu huhesabu seli zisizopungua 50 kwa darubini maalumu; rangi zikiwa zimetengana katika asilimia 15 ya seli au zaidi, jibu ni ndiyo. Njia hii huuliza iwapo ALK imekatika. Haiulizi imeungana na jeni gani.

Ya pili huitafuta protini ya ALK kwa rangi inayoinasa. Pafu la mtu mzima kwa kawaida halina protini hiyo, hivyo kuonekana kwake ni ushahidi mzito. Gharama yake ni ndogo, na darubini ya kawaida hutosha.

Ya tatu huzidisha nakala za muungano unaojulikana tayari. Ni ya haraka, ila hufanana na mtu anayesaka neno katika orodha fupi: lisilokuwamo halitaonekana kamwe.

Ya nne husoma herufi za jeni nyingi kwa pamoja, ikafichua hata miungano ya ROS1, RET na NTRK, ambayo nayo ina dawa zake. Hata hivyo, ni ghali, na kipande cha uvimbe kilichohifadhiwa vibaya katika fomalini huweza kuharibika kiasi cha kutosomeka. Kutosomeka si sawa na "hapana".

Ni dhahiri, basi, kwamba "hapana" nne za njia hizi si neno moja. Wapo watakaosema kuwa njia ya nne ndiyo bora, na kwamba rahisi ni ghali. Kwa upana wa maswali, wanasema kweli. Lakini kwa ALK, njia ya rangi ya protini imeaminika kiasi kwamba mwaka wa 2015 Marekani iliidhinisha kipimo cha aina hiyo kitumike katika kuchagua wa kupewa dawa. Kwa ROS1, rangi ikionekana sharti jibu lithibitishwe kwa njia nyingine.

Kwa maoni yangu, nchi yenye mfuko mdogo ianze na rangi ya protini kwa kila mgonjwa anayestahili, kisha fedha za kusoma jeni nyingi zitumiwe kwa wale ambao rangi haikuonekana. Zaidi ya hayo, kila cheti cha majibu kitaje njia iliyotumiwa na kile ambacho njia hiyo haiwezi kukiona.

Walimu wa sayansi na wa lugha tunaweza kusaidia kwa kuwazoeza wanafunzi wetu kudai swali kabla ya kulipokea jibu. Kuuliza si ujinga. Kwa mgonjwa wa saratani, kuuliza alipimwa kwa njia gani kwaweza kumfungulia mlango wa tiba.