Kabla hujakimbilia bisibisi

Nimekuwa kimya siku kadhaa, nisameheni. Nilikuwa napigana na kompyuta tisa za shule moja ya msingi kule kijijini kwetu. Zote ni Pentium 4 za msaada, kila moja na RAM ya megabaiti 512. Sehemu za kusomea CD zilikufa kwa vumbi zamani, na BIOS zake ni kuukuu kiasi kwamba haziwezi kuanzia kwenye flashi. Mwalimu mkuu alikuwa ameshaongea na mnunuzi wa vyuma chakavu. Akaniambia Ijumaa jioni, "Kijana wangu, mkokoteni unakuja Jumatatu. Kama kuna kitu unaweza, fanya."

Muulize fundi yeyote jinsi ya kuweka Linux kwenye mashine kama hizo, atakujibu vilevile: chomoa diski, ifunge kwenye kompyuta nyingine, sakinisha, irudishe. Ushauri huu hufanya kazi, sikatai. Ila naona tumeupa heshima kubwa mno. Ungefaa uwe wa mwisho, nasi tunautoa wa kwanza.

Mimi mwenyewe nilianza nao, na Jumamosi nzima ikaenda. Diski zile ni za IDE, ule waya mpana wa matundu 40, na kompyuta yangu ya mezani inajua SATA tu. Ikabidi niazime adapta. Usakinishaji ukaenda vizuri kabisa. Nikarudisha diski, nikawasha: skrini nyeusi, kishale kinapepesa. Nilikunywa chai vikombe viwili kabla ya kugundua kosa. Kompyuta yangu hutumia UEFI, kwa hiyo kisakinishi kiliweka GRUB ya UEFI. Pentium 4 ile inaijua BIOS peke yake, nayo hutafuta pa kuanzia katika sekta ya kwanza ya diski. Pale hapakuwa na kitu. Na hata ningevuka hapo ningekwama mbele, maana nilikuwa nimeweka mfumo wa biti 64 kwa prosesa ya biti 32. Nina digrii ya kompyuta, jamani.

Kisakinishi huipima mashine ambamo kinaendeshwa. Ukikiendesha kwenye mashine ngeni kitajibu maswali ya mashine ngeni, na wewe ndiye utakayelipa baadaye.

Jumapili nikarudi kwa njia ambayo ningeanza nayo: kuwasha kompyuta kupitia waya wa mtandao, yaani PXE. Si jambo geni. Toleo la 2.1 la maelezo yake lilitolewa na Intel mwaka 1999, na kompyuta nyingi za ofisini za miaka ya 2000 zinayo, ila imezimwa tu ndani ya BIOS. Ukiiwasha, kadi ya mtandao huomba anwani. Seva ya DHCP huipa anwani pamoja na jina la faili. Kadi huivuta faili hiyo kwa TFTP, kisha hufuata kerneli na initrd, na kisakinishi kinaamka palepale kwenye mashine yenyewe kana kwamba umeingiza CD.

Upande wa pili nilikuwa na laptopu yangu na dnsmasq, ambayo hufanya kazi ya DHCP na ya TFTP kwa pamoja. Nilipakua netboot.tar.gz ya Debian 12 ya i386, nikaifungulia ndani ya /srv/tftp, nikaipa laptopu anwani 192.168.7.1, kisha nikaandika haya kwenye dnsmasq.conf:

interface=eth0
dhcp-range=192.168.7.50,192.168.7.80,12h
dhcp-boot=pxelinux.0
enable-tftp
tftp-root=/srv/tftp

Ni hayo tu. Tumia swichi yako mwenyewe, usichomeke ruta ya mtu hapo, kwa sababu seva mbili za DHCP zitagombana na hutajua nani kajibu.

Kuna gharama moja ambayo watu husahau kuitaja. Kisakinishi hiki huvuta vifurushi vya programu kutoka intaneti, na intaneti yangu ilikuwa bando ya simu, ambayo laptopu iligawia mashine nyingine. Mashine tisa zingeila yote kabla ya chakula cha mchana. Nikaweka apt-cacher-ng kwenye laptopu: mashine ya kwanza ikapakua, zilizofuata zikachota kwenye laptopu. Kwa njia ya diski ningefungua makasha tisa na kurudia kila kitu mara tisa.

Na kama kadi yako haina PXE lakini Windows XP bado inawaka, bado usichukue bisibisi. Nakili linux na initrd.gz za kisakinishi hichohicho kwenye C:, weka grldr ya GRUB4DOS hapohapo, ongeza mstari C:\grldr="Linux" kwenye boot.ini, kisha andika menu.lst ya kuziita hizo faili mbili. Windows yenyewe itamfungulia mlango mgeni wake.

Rafiki yangu mmoja ananiambia napoteza muda. Debian 13, iliyotoka 2025, haina tena kisakinishi cha i386, na Pentium 4 hula stima kuliko kompyuta ndogo za kisasa. Ana haki, hasa kuhusu stima, maana shule inanunua tokeni. Lakini hizo kompyuta ndogo hazikuwepo shuleni Jumapili ile, na hakuna aliyeahidi kuzileta. Zilizokuwepo ni hizi, na mtoto anayejifunza kuchapa kwa Tux Typing hahitaji zaidi.

Mkokoteni ulikuja Jumatatu kama ulivyoahidiwa. Ulibeba mbili, ambazo kapasita zake zilikuwa zimevimba. Saba zimebaki darasani. Sasa mwalimu mkuu anataka printa yake ya zamani nayo ifanye kazi, na hiyo, ndugu zangu, nitawaandikia siku nyingine.